Mto Ulioupa Mji Wetu Jina: Nani Aliwahi Kuwauliza Wakaaji Wake?

Mwaka 1966 mji wa Élisabethville uliacha jina la malkia wa Ubelgiji na kuchukua jina la mto. Mto wenyewe si mkubwa. Haulingani na Lualaba wala Luapula, hauna meli wala bandari. Unapita upande wa magharibi wa mji, unaangukia Kafubu, na Kafubu inapeleka maji yake Luapula, mpaka ziwa Mwelu na hatimaye mto Kongo. Lakini ni huo uliokuwa na heshima ya kutosha kuupa jina mji ambao leo una wakaaji zaidi ya milioni 2.

Kila msimu wa mvua mazungumzo yanarudi yale yale. Maji yanaingia ndani ya nyumba za mabondeni, watu wanapandisha magodoro juu ya meza, na baada ya siku chache viongozi wanasema mito isafishwe, kingo zipandwe miti, na nyumba zilizo karibu ziondolewe. Katika maneno hayo matatu, la tatu ndilo linalotekelezwa haraka. Ndiyo maana familia nyingi zilizohamia kandokando ya Lubumbashi, ya Naviundu na ya Kafubu zikisikia neno «kusafisha mto» zinaogopa. Kwao maana yake ni kuhama tena.

Woga huo una historia. Tangu mji huu upimwe, zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakaaji wake wameombwa mara nyingi watoe mikono yao kwa ajili ya mito na usafi. Ni mara chache walioombwa watoe mawazo yao. Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kisha tutazame mahali ambapo mambo yalikwenda kwa njia nyingine.

Mji uliopimwa kwa ajili ya shaba

Kabla ya Wabelgiji, nchi hii ilikuwa ya Balamba. Mpaka leo vijiji vinavyouzunguka mji viko chini ya shefu Kaponda. Watu waliishi karibu na vijito, wakalima mtama na mihogo, wakavua, na wakati wa kiangazi wakachimba na kuyeyusha shaba.

Mwaka 1910 reli iliyotoka Rhodesia ilifika hapa. Mwaka huo huo Emile Wangermée, aliyekuwa mkuu wa serikali ya kikoloni katika Katanga, alisimamia kupimwa kwa mji mpya. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa uzuri wake. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilihitaji maji, na maji yalikuwa mto Lubumbashi. Madini yalitoka Kalukuluku, mgodi ambao wazungu waliuita Étoile, yakaletwa kwa gari la moshi. Makaa ya mawe yalitoka Wankie, huko Rhodesia. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa, na kiwanda kile kikawa moyo wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga.

Mji wa wazungu ulichorwa kwa rula: barabara zilizonyooka, njia panda za pembe mraba, miti iliyopandwa kwa mistari. Mto haukuwa na nafasi katika mchoro ule isipokuwa kama bomba. Maji yaliingia safi upande mmoja wa kiwanda na kutoka machafu upande wa pili. Mabaki ya mayeyusho yalimwagwa kandokando mpaka yakawa kilima cheusi tunachokiita terili, ambacho pamoja na bomba refu la moshi kimekuwa alama ya mji. Watoto wa Lubumbashi wanakichora shuleni kabla hawajajifunza kuchora mto.

Ukanda mtupu na hesabu ya nzi

Mwanzoni wafanyakazi Waafrika waliishi karibu na mji wa wazungu. Mnamo mwaka 1921 watawala waliamua kuwasogeza. Mtaa mpya ulipimwa upande wa kusini, ukaitwa Albert kwa jina la mfalme. Ndio Kamalondo ya leo. Kati ya mtaa huo na mji wa wazungu iliachwa ardhi tupu ya upana wa mita 500 na zaidi, iliyoitwa ukanda wa kati.

Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Ilisemwa kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka zaidi ya mita 500, kwa hiyo ardhi tupu ingewakinga wazungu na homa. Lakini mbu haangalii rangi ya mtu, na yule aliyezaliwa katika madimbwi ya ukanda ule aliwauma watu wa pande zote mbili. Ukanda ulifanya kazi nyingine: ulitenganisha watu. Hii ndiyo kazi kubwa ya kwanza ya kupanga ardhi na maji katika mji wetu, na ilifanywa bila kumwuliza hata mmoja wa wale waliohamishwa.

Kuna jambo jingine la wakati huo ambalo msanii wetu Sammy Baloji amelirudisha mbele ya macho ya watu katika picha zake. Watawala walipopiga vita dhidi ya nzi, mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 waliokufa kila siku ndipo apewe posho yake ya chakula. Fikiri: mtu aliyelala karibu na mitaro ya maji machafu, ambaye hakuruhusiwa kusema mtaro upite wapi, aliombwa alete nzi waliozaliwa katika mtaro huo. Mikono yake ilihesabiwa, lakini akili yake haikuingia katika hesabu.

Baadaye mji ulikua. Komini ya Kenya ilifuata Kamalondo, na katika miaka ya 1950 zikaja Katuba na Ruashi. Kila mara mpango ulikuwa ule ule: mahali pazuri pa mwinuko palipimwa na serikali au kampuni, na mabonde yenye maji yakabaki bila mwenyewe kwenye karatasi. Lakini bonde halikai bila mwenyewe. Wale wasiopata lupango juu walishuka chini.

Salongo: mikono bila mdomo

Baada ya uhuru wengi walitarajia kwamba mambo yangebadilika. Kitu kimoja kilibadilika kweli: watu walianza kuandika historia yao wenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya Élisabethville, kwa niaba ya waliokuwa wapishi na maboi wa wazungu. Kitabu kile kidogo kilichopigwa kwa mashine kinaonyesha kwamba watu wa kawaida walijua mji wao vizuri: nani alikaa wapi, mahali palipewaje jina, nani alifukuzwa na kwa nini. Ujuzi wa namna hiyo ndio unaohitajika kwa mtu anayetaka kutengeneza bonde la mto. Lakini hakuna ofisi ya upimaji iliyokuja kuuomba.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilileta salongo. Wazee wanaikumbuka vizuri. Siku iliyopangwa, kila mtu alitoka na jembe au fagio, akazibua mitaro na kufyeka majani. Wengine wanaikumbuka kwa hamu, kwa sababu mitaro ilipitisha maji na mji ulipendeza. Wengine wanakumbuka askari na faini.

Tukiitazama kwa haki, salongo ilithibitisha kwamba wakaaji wanaweza kufanya kazi kubwa pamoja bila mashine. Pia ilionyesha kasoro yake. Mtaro ulizibuliwa pale ulipokuwa, hata kama ulikuwa umechimbwa mahali pabaya. Mama aliyejua kwamba maji yanarudi nyuma penye daraja fulani kila mwezi wa Februari hakuwa na mtu wa kumwambia. Amri ilishuka na jasho likatoka, lakini neno halikupanda juu. Kazi ya aina hiyo ikiisha amri, nayo inaisha. Ndivyo ilivyokuwa.

Mshahara ulipokatika, bonde likawa shamba

Mwaka 1986 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Miaka michache baadaye uzalishaji ulianguka vibaya. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Katika 2003 na 2004, chini ya mpango uliosimamiwa pamoja na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kazini wakiwa na malipo ya mkupuo. Kwa familia nyingi fedha ile iliisha kabla watoto hawajamaliza shule.

Hapo ndipo kingo za mito zilipogeuka kuwa mshahara. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuisha karibu Machi au Aprili. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna tone, na mboga inayoota ni ile iliyo karibu na maji. Lengalenga, matembele, kabichi ya Kichina na vitunguu vya soko la Kenya na la Katuba vilitoka katika vitanda vidogo vilivyomwagiliwa kwa ndoo. Tangu mwaka 2000 shirika la FAO, kwa msaada wa Ubelgiji, lilikuwa na mradi wa bustani za mijini katika miji 5 ya nchi, Lubumbashi ikiwa mmojawapo. Mradi ule ulianza kwa kukaa na wakulima kuchunguza shida zao, ukatengeneza vyombo vya kumwagilia, na ukajaribu jambo ambalo wakulima wenyewe waliliweka mbele: kupata uhakika wa ardhi wanayolima. Mtu anayeweza kufukuzwa kesho hapandi mti leo.

Lakini maji yenyewe yalikuwa na tatizo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti na metali nyingine nyingi sana mwilini, hasa watoto. Wachunguzi wa kilimo wa chuo hicho nao walipima mboga za majani zinazouzwa katika masoko yetu na kukuta metali ndani yake. Kwa hiyo mto uliokuwa ukiwalisha watu ulikuwa pia ukiwadhuru, na wakulima hawakuwa wamepewa habari hiyo kwa lugha wanayoielewa.

Tatizo hilo halijawa historia. Mwanzoni mwa Novemba 2025 maji machafu kutoka eneo la kiwanda cha CDM yalimwagika hadi kwenye makao ya watu katika komini ya Annexe, na serikali ikasimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3.

Waliofika wakikimbia

Lubumbashi ni mji wa watu waliokuja. Wengine waliletwa na kampuni, wengine walifuata reli, na wengine walikimbia. Mwaka 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, makumi ya maelfu ya Baluba waliojiona hatarini walijikusanya katika kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa hapa hapa mjini. Waliishi katika vibanda vya mabati, matambara na nyasi, bila mitaro na bila vyoo vya kutosha, mpaka waliposafirishwa mwaka 1962. Katika 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa makwao katika Likasi na Kolwezi na kulala wiki nyingi kwenye vituo vya gari la moshi. Baada ya hapo walifika waliokimbia vita vya kaskazini mwa Katanga, kutoka Mitwaba, Pweto na Manono. Kuanzia 2016 na 2017 wakaja waliokimbia mapigano ya Kasai.

Mtu anayefika na mfuko mmoja hatafuti mahali pazuri, anatafuta mahali ambapo hataulizwa fedha nyingi. Mara nyingi mahali hapo ni bondeni, penye tope, penye mbu, pasipo hati. Anafyatua matofali, anajenga, anapanda migomba kandokando, anaanza kulima. Baada ya miaka 5 anajua mto ule kuliko mhandisi yeyote: maji yanafika wapi mvua ikinyesha usiku mzima, ni siku gani maji yananuka na kubadilika rangi, watoto wanavukia wapi kwenda shule.

Ndiyo maana kusema kwamba waliohamishwa ni «tatizo la kingo za mito» ni kuhesabu nusu tu. Wao ni mashahidi wa mto. Mpango wowote unaowaondoa kabla ya kuwasikiliza unatupa ushahidi huo.

Penga Penga: majani yaliyorudi

Sasa tutazame mfano wa nyumbani wa kazi ya kurudisha uhai wa ardhi. Upepo wa hapa kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi wa bomba la Gécamines ulielekea kaskazini-magharibi kwa miaka mingi, ukamwaga vumbi la shaba na metali nyingine juu ya ardhi. Miti ya miombo ilikufa na udongo ukabaki uchi. Mvua ikinyesha, udongo ule uliojaa shaba unachukuliwa na maji mpaka kwenye vijito. Katika eneo hilo ndimo kilimo kartie ya Penga Penga, ambako watu walijenga nyumba juu ya ardhi isiyootesha hata nyasi.

Wanasayansi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walifanya majaribio yao huko. Mmoja wao, Mylor Ngoy Shutcha, na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2010 na tena mwaka 2015, baada ya kufuatilia kwa miaka 3. Walichukua nyasi zinazoota zenyewe kwenye vilima vya shaba vya Katanga, hasa nyasi fupi iitwayo Microchloa kunthii, ambayo imezoea ardhi yenye shaba nyingi. Wakachanganya udongo na chokaa na mbolea ya takataka zinazooza. Chokaa inapunguza asidi ya udongo, na mbolea inaishika shaba ili isiyeyuke ovyo katika maji. Mizizi ya nyasi inaufunga udongo mahali pake. Shaba haiondoki ardhini, lakini hairuki tena kama vumbi na haiteremki yote kwenye kijito.

Somo hapa ni mawili. La kwanza, dawa ya ardhi yetu imo katika ardhi yetu. Nyasi za vilima vya shaba, ambazo wazee walizitumia kama alama ya kutafutia madini, zinafanya kazi ambayo ua zuri la kununuliwa haliwezi. La pili, nyasi hizo haziwezi kuishi katika kartie bila ruhusa ya wenye kartie. Jaribio linaweza kuzungushiwa uzio. Bonde zima haliwezi. Mbuzi wanapita, watoto wanacheza, mama anatafuta mahali pa kuanika nguo. Kama hao hawakukubaliana njia ipite wapi na nyasi zibaki wapi, kazi ya chokaa itakanyagwa kwa mwezi mmoja.

Majirani zetu walijifunza nini

Huko Nairobi, katika Kibera, wakaaji na shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoanzishwa mwaka 2006, walianza kugeuza majalala ya kandokando ya vijito kuwa viwanja vya watu wote. Hawakuanza na mchoro. Walianza na mikutano: eneo hili lina shida gani, mnataka nini, nani atalitunza, fedha ya kulitunza itatoka wapi? Majibu hayakuwa yale ambayo mtaalamu wa bustani angeyafikiria peke yake. Watu walitaka ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa waya ili kingo zisibomoke, daraja, vyoo, mahali pa kuchezea watoto, na banda la mikutano ambalo vikundi vinaweza kulitumia kwa biashara ndogo. Biashara hizo zinalipia utunzaji. Hapo ndipo uzuri wa mahali ulipopata mlinzi.

Katika Mukuru, Nairobi hiyo hiyo, kaunti ilitangaza mwaka 2017 kwamba eneo lile lipangwe kwa utaratibu wa pekee. Familia zaidi ya 100,000 ziligawanywa katika vikundi vya nyumba 10, kila kikundi kikachagua msemaji, na wasemaji wakapandisha maneno juu hatua kwa hatua. Wananchi wa Muungano wa Wanavijiji walihesabu nyumba wenyewe. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba watu ni wengi mno kuweza kuulizwa.

Lakini tuseme ukweli wote. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipopiga Nairobi, serikali ya Kenya iliamuru watu wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Waliahidiwa shilingi 10,000 kwa familia. Kwa hiyo hata mahali palipokuwa na mpango mzuri wa wakaaji, hofu ya maji ilirudisha desturi ya zamani. Mpango usiofungwa kwa sheria unaweza kufutwa na mvua moja.

Dar es Salaam nayo ina mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu karibu 40, na familia nyingi za bondeni zilipelekwa Mabwepande, mbali na soko na kazi. Katika mwaka 2018 utaratibu ulibadilika: serikali, wataalamu, vyuo na wakaaji walikaa pamoja kwa miezi, wakachora juu ya meza moja. Uliotoka hapo ni mpango wa kuliacha bonde la chini liwe uwanja mkubwa ambao maji yanaruhusiwa kuujaza, na kuinua ardhi ya kandokando. Benki ya Dunia iliidhinisha mradi huo mwaka 2022. Hata hivyo nyumba zilibomolewa, na malalamiko kuhusu kiasi cha fidia yalisikika. Kukaa meza moja hakukuondoa maumivu yote, lakini kuliwapa watu nafasi ya kudai wakijua wanachodai.

Kuuliza maana yake nini

Katika mifano hiyo yote kuna tofauti kati ya kuwaita watu na kuwauliza. Kuwaita watu ni kukodi mahema na viti, kuonyesha mchoro uliokwisha kuchorwa, kugawa soda na kuandikisha majina. Kuwauliza ni kuanza kabla penseli haijagusa karatasi.

Kwa mto kama Lubumbashi au Naviundu, kuuliza kungeanza kwa kutembea. Wakaaji, shefu wa kartie, wanafunzi wa chuo na wahandisi wanatembea kandokando ya maji wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua, na kila mwenyeji anaweka alama: maji yalifika hapa, hapa ndipo tunapochota, hapa ndipo bomba linapomwaga usiku. Alama zile zinakuwa ramani. Halafu udongo na maji vinapimwa, na matokeo yanasomwa kwa Kiswahili mbele ya watu wote, maana mkulima hawezi kuchagua pa kuweka bustani kama hajui ni wapi shaba imezidi. Ndipo mchoro unaanza: wapi pawe na matete na nyasi za kushika udongo, wapi migomba na bustani, wapi njia na daraja, wapi pabaki patupu ili maji yapumue.

Mahali pengine jibu litakuwa kwamba nyumba fulani haziwezi kubaki. Tusidanganyane. Nyumba iliyo katikati ya njia ya maji itachukuliwa na maji, na mtoto anayelala ndani yake hana kosa. Lakini familia iliyoshiriki kuchora inaweza kusema: tutasogea, mtuonyeshe kwanza wapi, karibu na shule ipi, kwa hati gani. Familia iliyoamshwa na tingatinga haina cha kusema, na baada ya miezi michache inarudi bondeni kwa sababu haina pengine.

Sheria zetu zinatoa mlango wa kupitia. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inatambua haki ya kila mtu kushiriki katika maamuzi yanayogusa mazingira, na inadai uchunguzi wa athari kabla ya kazi kubwa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasimamia maji. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yao. Na Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009 kwa ajili ya waliohamishwa ndani ya nchi zao, unazungumzia hata wale wanaohamishwa na miradi: wapewe habari, waulizwe, watafutiwe njia nyingine kabla ya kuondolewa. Hakuna neno katika hayo linalosema kwamba mtu asiye na hati ya lupango hana mdomo.

Shefu wa kartie akija kutangaza kazi ya mto, basi, tumpokee vizuri na tumwulize maswali manne. Mchoro umekwisha kuchorwa au bado? Maji na udongo vimepimwa na nani, na tutasomewa lini? Watakaosogea watapelekwa wapi, na karatasi yao iko wapi? Na baada ya wahandisi kuondoka, nani atatunza, kwa fedha ipi?

Tuwe pia tayari kujibu maswali yanayotuhusu sisi. Nani anatupa plastiki mtoni usiku? Nani amejenga juu ya mtaro? Nani anauza kiwanja cha bondeni kwa mgeni ambaye hajaona mvua ya hapa? Anayedai kuulizwa lazima akubali pia kujibu.

Kwa ndugu zetu waliohamishwa, neno moja la mwisho. Andikeni mnachokijua kuhusu maji ya hapo mnapokaa: tarehe ya mafuriko, urefu wa maji ukutani, siku maji yalipobadilika rangi, samaki walipokufa. Andikeni katika daftari la mtoto wa shule, mkitaka kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kama alivyoandika yule mzee wa mwaka 1965. Siku watakapokuja wenye kupima, awepo mtu wa kufungua daftari hilo mbele yao kabla hawajafungua ramani yao.